Sauti kutoka Wodi ya Nne

Mama hapigi simu. Anarekodi.
Sauti yake huingia kabla ya adhana ya alfajiri,
nyuma yake mashine ya hospitali inalia ti, ti, ti:
"Humaidi, usiwape jani bichi mbuzi wenye njaa.
Likate jioni, litandaze juu ya mkeka, lilale linyauke.
Kwanza majani makavu, kisha hilo.
Tumbo la mbuzi likivimba halingoji daktari."

Mimi karani wa benki, pale Ibra.
Nimezoea kuhesabu vitu visivyokojoa.
Nimeomba likizo ya siku thelathini, nimekabidhiwa
mbuzi kumi na mmoja, ng'ombe mmoja mweusi mwenye kisirani,
na mitende arobaini huku Mudhaibi,
shamba ambalo marehemu baba aliliita "kwetu"
na mama, mtoto wa Wete, akaliita "huku"
miaka thelathini na minane.

Kiangazi. Komeo la zizi halishikiki bila kitambaa.
"Maji ya bomba yamwage mpaka yapoe,
yale ya mwanzo ni ya chai, si ya kunywesha mnyama.
Walishe jua halijatoka, walishe tena limeshazama.
Anayehema mdomo wazi
usimpe kitu ila kivuli na maji."

Shafiul ameongeza makuti juu ya paa, ameyarowesha.
Yeye huwasemesha Kibangali, nao humwitika.
Mimi nikiwasemesha Kiarabu wananikodolea
kama mteja aliyeambiwa mtandao umekatika.
Siku ya nne ndipo nikakumbuka:
hawa wamelelewa kwa *haya njoo, njoo mwanangu,
bismillahi, kula, nani kakuudhi?*
Nikayatamka, polepole, kwa aibu,
maneno niliyoambiwa mimi nikiwa na miaka mitatu.
Kidoti akaja. Akanila kifungo cha kanzu.

"Shayiri kibaba kimoja kwa wawili.
Kibaba ni lile kopo lenye kutu, si jipya, jipya linadanganya.
Kokwa za tende loweka siku tatu, ndipo umpe ng'ombe.
Dagaa wa Ashkhara konzi moja tu,
ukizidisha, maziwa yatanuka pwani."
Hapo alinyamaza. Mashine ikalia peke yake.
"Mimi harufu hiyo siichukii. Lakini wanunuzi."

Halafu zikaja nyingine, usiku mmoja, sauti saba:
mvua za baridi zikinyesha kagua kwato;
vitoto vya Disemba vivishe magunia,
lile la mchele, limetobolewa tayari, liko nyuma ya mlango;
mama yao mpe uji wa shayiri wa vuguvugu, chumvi kidogo;
dume usimuuze Sinaw kabla ya kumi la mwisho, subiri bei;
Kidoti hazai tena, najua, usiniambie, muache.

Nilikaa juu ya gunia la shayiri nikizisikiliza.
Huu ni mwezi wa saba.
Mbona ananisomea mwaka mzima?

Kisha siku mbili, hakuna kitu.
Dada yangu Ghaniya ananiandikia "amelala" na "amelala."

Usiku wa tatu zamu yetu ya falaji iliangukia saa nane.
Shafiul akazibua tundu kwa jembe,
maji yakaingia kwenye majaruba ya jani
bila haraka, yakizunguka kila shina.
Nikawatilia mbuzi mapema kuliko kawaida.
Nikaishika simu juu ya hori, kimya, dakika mbili nzima:
kuguguna, kupiga chafya, pembe kugonga bati.
Nikaituma. Sikusema neno.

Asubuhi nilikuwa nafagia mbolea iliponguruma mfukoni.
Sauti nyembamba, kama imetoka chini ya shuka tatu:

"Kuna mmoja hapo hatafuni sawasawa.
Upande wa kulia, karibu na bati.
Mfungue kinywa umtazame meno.
Na wewe je, umekula?"